Taji la kabati, taji la ghorofa

Jumamosi mpwa wangu aliingia karakana, hapa Isevya, simu mkononi. "Mwangaluka, anko. Hebu lione hili kabati." Nikafuta vumbi la msasa kwenye miwani. Kabati kweli: limesimama wima, juu lina taji, yaani ile miteremko miwili inayopanda kutoka pembeni halafu, kabla haijakutana, inaachiana nafasi katikati. Rangi yake ilielekea waridi, nikamuuliza ni mbao gani. Alicheka mpaka akakalia rundo la maranda. Kumbe ni ghorofa la New York, 550 Madison Avenue, mita 197 kwenda juu, na hiyo waridi ni granaiti.

Usiku nikakaa kulisoma. Lilikamilika 1984, makao makuu ya kampuni ya simu ya AT&T, wasanifu wakiwa Philip Johnson na John Burgee. Johnson huyohuyo alikuwa amemsaidia msanifu mwenzake, Mies van der Rohe, kwenye jengo la Seagram, lililokamilika 1958 mjini humohumo: boksi la kioo na shaba nyeusi, juu bapa kama meza. Kisha, umri umeshapita miaka 70, anachora ghorofa lenye taji! Wenzake wengine waliona amewasaliti. Watu wakalipa jengo jina la utani, Chippendale, kwa ajili ya seremala wa London aliyetoa kitabu cha michoro ya samani mwaka 1754. Wengine walilitamka kwa kejeli. Mimi mtu akiniita hivyo nampunguzia bei.

Ila taji halikuzaliwa kwenye kabati. Kule Petra, Yordani, kuna jumba lililochongwa kwenye mwamba yapata miaka elfu mbili iliyopita, na paa lake la juu limekatika katikati vilevile. Waashi walianza, maseremala tukawaibia, Johnson akawarudishia mali yao.

Nina neno naye, hata hivyo. Ile granaiti imevikwa tu juu ya mifupa ya chuma. Mteja wangu akikuta nimebandika ubao mwembamba wa mninga juu ya mbao hafifu, tunafikishana kwa balozi. Halafu taji liko mbali mno. Aliyesimama mlangoni pa jengo hata akipinda shingo halioni. Nadhani alilijua hilo, ndiyo maana chini akaweka tao refu la kuingilia, ili mpita njia naye apate chake. Hapo nampa heko. Kabati lenye miguu mibaya haliokolewi na taji.

Mimi lilinishinda jambo dogo kuliko hayo. Mwaka juzi nilimtengenezea mama mmoja wa Cheyo kabati la vyombo, mninga mtupu, na taji nililolichonga kwa patasi siku tatu. Tukalifikisha kwa mkokoteni, tukalisimamisha: dari fupi. Sikuwa nimepima. Mama akasema, "Fundi, kata." Nikakata taji lote, mbele ya wajukuu zake.

Sikulitupa. Nililigongomea misumari juu ya mlango wa karakana, na liko hapo mpaka leo. Mpwa wangu alipokuwa akiondoka alisimama kwa nje, akaliangalia, akaangalia simu yake, akalipiga picha.