Daftari moja, majina mawili

Mama mdogo anauza mchele na maharage Mbuyuni hapa Moshi, na mimi ndo nilimtengenezea kiprogramu cha bei kwa Python (lugha ya kuandikia programu), kila asubuhi anaingiza bei za leo halafu kinamwambia nini kimepanda na nini kimeshuka toka jana. Mwezi uliopita mchele ukatoka 2,800 ukaenda 3,000, kaingiza, programu ikamjibu hakuna kilichobadilika. "Mwanangu, mbona hii inasema mchele haujapanda?" Nilikosa jibu na wateja wamesimama pale.

Kufungua nikakuta mstari wenyewe: bei_leo = bei_jana. Mimi nilijua hapo nimetoa kopi, kumbe ile alama ya = haikopi chochote, inalipachika jina la pili dikti lile lile (dikti ni ile orodha ya bidhaa na bei zake ndani ya programu). Ni kama daftari la madeni, wewe unaliita la mama, mdogo wako analiita la duka, akifuta deni huko na kwako limefutika maana daftari ni hilo moja. Nikaandika print(bei_leo is bei_jana), yaani naiuliza kama haya majina mawili ni kitu kimoja, ikaleta True, ndiyo.

Nikaweka bei_jana.copy(), ikatulia kama wiki mbili hivi, ndo mama mdogo akataka na bei ya jumla, kwa hiyo kila bidhaa ikawa na listi yake ndogo, mchele [3000, 2850], na tatizo likarudi vile vile. Hapa wengi wanapotea aisee. copy() inakopi juu juu tu. Chukulia umepeleka steshenari ukurasa wa kwanza wa daftari, ule ulioandikwa "mchele, angalia ukurasa wa 12", fotokopi unayo mkononi safi kabisa, ila ukurasa wa 12 wenyewe umebaki kwenye daftari na wote mnaandika humo humo. Nikapima tena: bei_leo is bei_jana ikaleta False, lakini bei_leo["mchele"] is bei_jana["mchele"] ikaleta True. Dawa yake ni copy.deepcopy, hiyo inashuka mpaka kurasa za ndani.

Ila msiimwage deepcopy kila mahali tafadhali. Stoku inatakiwa iwe moja, sehemu ya kuuza na ya kupokea mzigo ziguse ile ile, ukiipa kila sehemu kopi yake gunia lililouzwa asubuhi jioni bado linasoma lipo. Hapo kushea ndo sahihi.

Jana ikamwandikia mchele umepanda 100, maharage yako pale pale, akaendelea kupima.