Mama mkubwa na amani ya 1992

Mama mkubwa hakuamini kwamba vita vya Msumbiji vimekwisha. Alikuwa mkimbizi Tunduru, upande wetu wa Ruvuma, akilima mihogo kwenye shamba la kuazima, wachuuzi wa samaki walipovuka mto na habari kuwa Rais Chissano wa Msumbiji na Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, wametia saini mkataba wa amani huko Roma. Ilikuwa Oktoba 1992. "Matsanga hawaachi," aliwajibu. Matsanga ni Renamo. Watu waliwaita hivyo kwa jina la kiongozi wao wa kwanza, André Matsangaissa.

Alikuwa na haki ya kusita. Mwezi uliotangulia Angola walikuwa wamepiga kura huku majeshi bado yana silaha. Savimbi, kiongozi wa waasi wa huko, akakataa matokeo, vita vikarudi, na havikuisha hadi 2002. Kule Msumbiji, Umoja wa Mataifa uliona hilo, ukahakikisha wapiganaji wengi wameachishwa jeshi kambini kwanza. Uchaguzi ukasogezwa hadi Oktoba 1994. Mama mkubwa alisubiri kura zihesabiwe, akasikia Dhlakama ameshindwa na bunduki hazijalia, ndipo akafunga mizigo yake kurudi Niassa, kaskazini mwa Msumbiji. Wakimbizi wapatao milioni 1.7 walirudi katika miaka ile, wengi wao kutoka Malawi.

Mimi nilianza kumtembelea nikiwa kijana, na kilichonishangaza kwake ni namna watu walivyotembea. Mmoja nyuma ya mwingine, daima, hata pale palipokuwa na nafasi ya kupita wanne. Siku moja nilikanyaga majani pembeni ili mama mmoja mwenye ndoo kichwani apite. Mama mkubwa alinishika mkono akanivuta kwa nguvu sijawahi kuiona kwake. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba pale pembeni hapajulikani.

Mabomu ya ardhini hayasomi mikataba. Yalitegwa na Wareno wakati wa vita vya ukombozi, yakategwa na jeshi la serikali, yakategwa na Renamo: kuzunguka madaraja, nguzo za umeme, visima, kambi. Mara nyingi hakuna aliyechora ramani, na aliyetega anaweza kuwa alikufa zamani. Basi shamba zuri linalala bure miaka na miaka, na watu wanabanana kulima kile kipande kilichochoka ambacho hakijamkata mtu mguu.

Ndiyo maana nilipofika Morogoro kusoma na kusikia kuwa pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna panya buku wanaofundishwa kunusa baruti, nilikwenda kuwaona kwa hamu ambayo wenzangu hawakuielewa. Panya anafungwa kamba kifuani, anatembea mstari baada ya mstari, akinusa TNT, ile baruti ya ndani ya bomu, anakwaruza ardhi, anapewa ndizi. Ni mwepesi mno, uzito wake hauwezi kulipua bomu. Kipima chuma humsimamisha mtu kwa kila msumari na kila kopo bovu. Panya hana habari na chuma, kwa hiyo anamaliza kwa nusu saa eneo ambalo lingemchukua mtu siku kadhaa. Baadhi ya panya wale walikwenda kufanya kazi Msumbiji, katika mikoa ya Gaza, Manica, Sofala na Tete, pamoja na wategua mabomu waliopiga magoti kwenye vumbi mwaka hadi mwaka. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini Septemba 2015. Hesabu mwenyewe kutoka 1992.

Kuna jambo ambalo mimi na mama mkubwa hatukuwahi kukubaliana. Siku chache baada ya Roma, bunge la Maputo lilipitisha sheria ya msamaha kwa pande zote mbili. Hakuna mahakama, hakuna tume ya ukweli. Yeye alimjua mtu aliyekuwa na kundi lililochoma kijiji chao, walikutana sokoni, waliamkiana. Mimi niliona hilo ni dhulma na bado naona hivyo. Yeye alisema, "Tungewafunga wote, nani angelima?" Kisha akaongeza kuwa yule mtu alichukuliwa na Matsanga akiwa na umri wa mdogo wangu.

Lakini mkataba uliacha walinzi wa Dhlakama na silaha zao, na wapiganaji wengi walihisi wametupwa bila pensheni. Mwaka 2013 risasi zikalia tena, zaidi upande wa Sofala. Dhlakama alifariki Mei 2018 bila kuona mwisho. Mkataba mwingine ulitiwa saini Agosti 2019, na kambi ya mwisho ya Renamo, Vunduzi kule Gorongosa, ilifungwa Juni 2023. Waliorudi uraiani awamu hiyo ni zaidi ya 5,200, baadhi yao wakiwa na mvi.

Wazee wengi wa Tunduru, Masasi na Newala waliwapokea wakimbizi hawa, wakawagawia mashamba na chakula. Kama mzee wako ni mmoja wa waliowapokea, mkalishe umuulize walikuja akina nani, walikaa wapi, na nani hakurudi. Uandike, kwa Kiswahili, kwa Kiyao au kwa Kimakonde.