Siku nilimpeleka Chifu Nakuru

Chifu aliingia Kisumu na basi la usiku akiwa hajafika hata urefu wa kidole changu cha kati, ndani ya mtungi wa lita 5 uliotobolewa kifuniko. Ndugu yangu ndiye alimleta kutoka Mombasa, alipewa na wavuvi, na kwa vile alijua nina tanki la maji ya chumvi sebuleni akaona ameniletea zawadi ya maana. Ni chewa huyo, akasema. Hapo ndio ningeuliza swali moja tu, chewa hukua kiasi gani, lakini macho yangu yalikuwa kwa yale madoa yake, nikasema asante.

Kufuga samaki wa bahari ukiwa Kisumu ni wazimu wacha niseme ukweli. Ziwa liko hapo chini, maji tele, na hakuna tone linaweza kukusaidia. Tanki langu lilikuwa la lita 400 na kila lita inataka kama gramu 35 za chumvi, piga hesabu, ni kilo 14, na si chumvi ya jikoni, ni ile spesho ya kuagiza Nairobi. Halafu stima. Ikipotea usiku unaamka kuunganisha pampu ya hewa kwa betri ya gari. Mama watoto alizoea kuambia wageni ati mke mwenza wake anakaa sebuleni.

Mwanzo hakukuwa na shida. Chewa si mtu wa kukimbizana na chakula, anakaa tu chini ya jiwe lake kama mlinzi amelala, kitu kikipita karibu anafungua mdomo ghafla, maji yanavutwa ndani na kile kitu kinaingia nayo. Mimi sikuwahi kumwona akila mwenzake. Niliona tu hesabu inapungua. Nikalaumu filta, nikalaumu chumvi, kuna wiki nililaumu paka wa jirani na tanki lina kifuniko! Kulikuwa na wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, kasichana kangu alikuwa amewaita Bwana Harusi na Bibi Harusi, na asubuhi moja akiwa na yunifomu tayari kwenda shule nikasikia ameita, "Baba, Chifu anakula Bwana Harusi." Mkia ulikuwa bado unaonekana nje.

Kufika 2019 alikuwa peke yake mle ndani, sentimita 40, akigeuka ni kama lori linageuka kwa kichochoro. Na hapo ndio kila mtu akawa na ushauri. Mama yangu aliomba nyanya na dania tu. Shemeji akasema omera, si umtupe ziwani mambo yaishe. Nikamweleza samaki wa bahari akiingia maji yasiyo na chumvi anakufa, mwili wake una chumvi kushinda maji, kwa hivyo maji yanamwingia tu bila kusimama na figo zake hazijui kuyatoa kwa wingi huo. Na hata kama angeishi, kweli sisi watu wa Kisumu ndio wa kutupa samaki mgeni ziwani? Mbuta, yule sangara, aliletwa humo miaka ya 1950, waulize wazee wale samaki wadogo wa fulu walienda wapi. Kumrudisha bahari pia niliogopa, ameishi na samaki wa kutoka kila mahali, huwezi jua amebeba ugonjwa gani.

Mwishowe nikapata mwalimu mstaafu wa Nakuru mwenye tanki la lita 2,000, alilijenga mwenyewe kwa gereji. Sharti lake lilikuwa moja, nisimlishe siku mbili kabla ya safari ili asichafue maji njiani.

Kumshika sasa. Wavu ulimkataa, ile miiba ya mgongoni ilinasa kwa nyuzi ikabidi nikate wavu na mkasi, nikatoa maji nusu tanki, zulia likalowa, tukamsukuma pole pole mpaka kwa beseni. Masaa mawili. Tukamweka kwa boksi la barafu la wavuvi, bila barafu, maji yake mwenyewe na pampu ya betri, kwa Probox ya kuazima.

Ahero sawa, Kericho sawa, kupanda huko Mau baridi ikaanza na thamomita ikateremka kutoka 26 hadi 23. Nikasimama kwa kibanda cha chai nikanunua maji moto, nikayatia kwa chupa za soda nikazielesha ndani ya boksi. Mama wa kibanda akaja kuchungulia, akauliza, "Kwani unamwogesha kwanza ndio umpike?" Mbele kidogo tukasimamishwa kwa kizuizi, afande akataka kujua nimebeba nini, nikasema samaki, akasema wa Kisumu nyinyi mnabeba samaki kila siku, fungua. Nikafungua. Chifu akamwangalia, yeye akamwangalia Chifu, akanirudishia leseni bila neno.

Mwalimu alikuwa ananingoja getini. Hakumtia kwa tanki mara moja, alitumia kipaipu chembamba kudondosha maji yake ndani ya boksi zaidi ya saa nzima, huku ananihoji. Anakula nini? Omena wa ziwani, wa Dunga, mwalimu. Akafunga macho. "Kijana, samaki wa bahari mpe vya bahari." Nikanyamaza kama niko darasa la 4.

Chifu alipoachiliwa alizunguka tanki lote mara moja, ukutani hadi ukutani, kitu alikuwa hajafanya kwa zaidi ya mwaka, halafu akaenda chini ya jiwe.

"Unamwitaje?" mwalimu akauliza.

"Chifu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, ni wakishakua ndio wengine hugeuka madume, na huyu kwa umri wake bado ni mama.

Nikapiga simu nyumbani nikawaambia amefika salama. Hiyo nyingine niliwaambia nikiwa nimerudi.