Nyumba ya Kha, Mjini Torino

Treni ya kutoka Milano ilinishusha Porta Nuova asubuhi. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu, chini ya mabaraza ya Via Roma, hadi Museo Egizio, makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1824 na ambayo shughuli yake ni Misri ya kale tu.

Nilichofuata ni kaburi moja. Mwaka 1906 Mwitaliano Ernesto Schiaparelli alikuwa akichimba Deir el-Medina, ng'ambo ya mto Nile ukitokea Luxor, akakuta kaburi ambalo wezi hawakuwahi kulifikia. Aliyezikwa humo hakuwa mfalme. Kha alikuwa msimamizi wa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, yapata miaka 1400 KK, naye alilala na mkewe Merit na vitu zaidi ya 400. Kwa utaratibu wa enzi hizo wa Misri kugawana na wachimbaji vitu vilivyofukuliwa, karibu vyote vikaja Italia.

Na si hazina, ni nyumba nzima! Vitanda, viti, masanduku ya rangi, mikate iliyokauka. Hata nguo za ndani za Kha zimo, za kitani, nyingi zimetiwa alama ya jina lake kama za mwanafunzi wa bweni. Kwenye makoma nilisimama: sisi tuliokulia Tana tumeyaguguna sana, ingawa mkoma wao na wetu ni ndugu tu, si mti mmoja. Kuna pia fimbo ya kupimia ya dhiraa moja, iliyofunikwa dhahabu, zawadi ya mfalme Amenhotep II. Mjenzi kutunukiwa kipimo asichoweza kwenda nacho kazini!

Kinachouma ni Merit. Alitangulia kufa, jeneza lake halijawa tayari, akalazwa katika lililotengenezwa kwa ajili ya mumewe. Likampwaya, nafasi ikajazwa vitambaa. Jina lililoandikwa juu yake ni la Kha. Wigi lake la nywele za watu bado lina mawimbi, na sanduku lake la wanja na manukato lipo. Sanda zao hazijafunguliwa hadi leo. Vidani walivyovaa vimeonekana kwa eksirei tu. Kwa hilo nimewapongeza wenye makumbusho kimoyomoyo.

Sanamu za wafalme nilizipita mbiombio. Palikuwa na msongamano mbele ya Ramses II, kila mtu na simu yake juu. Yeye picha anazo za kutosha.