Stormy Six, bendi ya Milano iliyojiandikia mkataba wake

Mwaka 2021 Mwitaliano mmoja, Salvatore Garau, aliuza sanamu isiyokuwepo. Haikuibwa njiani wala haikubaki kumaliziwa, haipo, basi. Mnunuzi alitoa takriban yuro 15,000, karibu shilingi milioni mbili za kwetu Kenya, akapewa cheti na maelekezo kwamba sanamu iwekwe nyumbani, kwenye nafasi tupu ya mita moja na nusu kwa moja na nusu. Habari hiyo ilipofika kwenye grupu ya bendi yetu, watu walicheka mpaka usiku. Mpiga drams wetu akaandika kwamba kuna promota mmoja amekuwa akimlipa kwa sanamu za aina hiyo tangu Desemba.

Nikawajibu: jamani, huyo mzee ni mwenzetu. Kabla uchoraji haujampa jina, Garau alikuwa mpiga drams wa Stormy Six, bendi ya mrengo wa kushoto kutoka Milano. Kimya. Hakuna aliyewahi kuisikia. Ndiyo maana naandika haya, na wanaonifuata hapa kwa ajili ya rhumba na chakacha wanivumilie leo.

Kiitaliano changu ni cha Watamu, kule pwani. Nilikiokota nikibeba trei za vinywaji katika hoteli ambayo wageni wake karibu wote walitoka Italia. Kati yao alikuwepo mzee mmoja wa Milano, mstaafu wa kiwandani, aliyekuja kila Januari na ambaye hakukubali hata mara moja nimbebee begi. Akiondoka aliniachia CD alizozichoka. Nyingi zilikuwa za mapenzi na machozi. Moja ilikuwa imepewa jina la tiketi ya tramu: Un biglietto del tram. Nilipopanda basi kuja Nairobi kutafuta maisha ya muziki, hiyo nilikuja nayo.

Stormy Six walianza 1966. Walikuwa vijana wa mjini waliopenda bendi za Uingereza, na ndiyo sababu Waitaliano watupu wakajiita jina la Kiingereza. Mwaka 1967 Rolling Stones walipozunguka Italia, wao walikuwa miongoni mwa waliofungua shoo. Santuri yao ndefu ya kwanza ilitoka 1969, na mtu anaweza kuiruka bila hasara.

Kilichogeuka ni nchi. Msimu wa vuli wa 1969 viwanda vya kaskazini mwa Italia vilijaa migomo. Kisha tarehe 12 Desemba bomu likalipuka ndani ya benki moja pale Piazza Fontana, katikati ya Milano, likaua watu 17. Polisi wakawakamata wanaanakisti, watu wanaokataa serikali ya aina yoyote. Mmoja wao, mfanyakazi wa reli aliyeitwa Giuseppe Pinelli, akaanguka kutoka dirisha la makao ya polisi usiku akihojiwa, akafa. Miaka mingi baadaye mahakama zilikuja kusema kwamba bomu lile lilikuwa kazi ya kundi la siasa kali za kulia. Mkenya hahitaji kuelezwa sana habari za mtu aliyeingia mikononi mwa polisi mzima akatoka maiti. Kwa kijana wa Milano mwenye gitaa, baada ya hapo kuimba "nakupenda, nakupenda" ilikuwa kazi ngumu.

Santuri ya 1972, L'unità, ndiyo iliyowaonyesha njia yao. Waliichukua hadithi ya kuungana kwa Italia, ile inayofundishwa shuleni ikiwa na mashujaa na bendera, wakaisimulia kutoka upande wa wakulima wa kusini waliopigwa risasi na jeshi la nchi hiyo hiyo mpya. Mna wimbo kuhusu Pontelandolfo, kijiji kilichochomwa moto na wanajeshi Agosti 1861. Franco Fabbri, mwenye gitaa, ndiye aliyekuwa kichwa cha mambo. Baadaye akaingia Umberto Fiori, mwimbaji ambaye leo Italia inamjua zaidi kama mshairi.

Halafu ikaja ile tiketi ya tramu, 1975. Italia ilikuwa inaadhimisha miaka 30 tangu kuondokana na ufashisti, na kila mwanasiasa alikuwa na hotuba mkononi. Stormy Six wakatoa santuri nzima kuhusu vita na upinzani wa wananchi kati ya 1943 na 1945, kwa magitaa makavu, fidla na mandolini. Ni roki, lakini fidla ndiyo inayokimbiza mambo. Wa kwanza unaitwa Stalingrado: mji wa Urusi umekataa kuanguka, na kibwagizo kinawaahidi Wanazi kwamba kuanzia sasa kila mji watakaoufikia wataikuta Stalingrad humo. Unaofuata unahusu kiwanda, na unaanza kwa kutaja tarehe moja kwa moja kama karani: 5 Machi 1943, siku wafanyakazi wa Torino walipoanza kugoma, mgomo uliosambaa hadi Milano huku Mussolini akiwa bado madarakani. Nimewaza mara nyingi kwamba wiki zile zile, maelfu ya Waitaliano walikuwa hapa kwetu, wafungwa wa vita wa Mwingereza. Ndio waliojenga barabara ya kuteremka Bonde la Ufa na lile kanisa dogo karibu na Mai Mahiu. Januari ya mwaka huo mfungwa mmoja, Felice Benuzzi, alitoroka kambi ya Nanyuki na wenzake wawili wakapande Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kambini. Hilo nalo lingetosha wimbo.

Wimbo ninaourudia kila mara ni wa Dante Di Nanni. Huyu alikuwa kijana wa miaka 19, mpiganaji wa vikundi vya siri vya Torino. Mei 1944, akiwa na majeraha ya shambulio la siku iliyotangulia, alizingirwa nyumbani na mafashisti pamoja na Wajerumani, akapigana peke yake, na simulizi iliyoenea inasema mwisho alijirusha kutoka roshani ili wasimpate hai. Mtunzi mwingine angeanzia roshani. Stormy Six hawakuanzia huko. Wanamwonyesha Di Nanni miaka 30 baada ya kifo chake, katikati ya msongamano wa magari, anakanyaga baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo huku akipiga mbinja. Mzigo umempinda mgongo. Taa ya barabarani inawaka nyekundu. Anasimama, anavuta pumzi. Waliomuua walikuwa mia, wamemuua mara mia, na bado unaweza kumwona mjini.

Nilipouelewa vizuri wimbo huo nilikuwa ndani ya matatu, tumekwama Kirinyaga Road. Mbele yetu palikuwa na mkokoteni wa magunia ya viazi kutoka Wakulima Market, na jamaa aliyeuvuta alikuwa ameuegemea, fulana imelowa, anasubiri askari wa trafiki amruhusu. Kimathi wetu wa Mau Mau amesimama pale mtaani kwake tangu Februari 2007, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, na watu wanapigia picha chini yake. Sina ugomvi na shaba hiyo. Lakini kama wale wa Milano wangemtunga yeye, nadhani angekuwa ndiye mwenye mkokoteni, na dereva wetu angekuwa anampigia honi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niwataje mbele ya wanamuziki wenzangu. Bendi ya siasa ni rahisi kuipata. Tunga wimbo wa kulaani wezi, vaa kofia, subiri uchaguzi. Mwaka 2002 NARC, muungano wa vyama vya upinzani, iliuchukua wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji ikauzungusha nchi nzima, na kila anayekumbuka shangwe zile anakumbuka pia waliokula baada ya shangwe. Wimbo haumzuii mtu kuutumia. Stormy Six walijiuliza swali ambalo bendi nyingi zenye maneno makali hulikwepa: santuri hii inayowasifu wafanyakazi, nani anaimiliki?

Jibu lao lilikuwa ushirika. Pamoja na wanamuziki wengine wa Milano, wengi wao wa jazi na wa muziki wa kiasili, waliunda L'Orchestra, na Un biglietto del tram ikatoka kwa jina hilo. Wanachama walirekodi, wakachapisha santuri na kuzisambaza wenyewe, sehemu kubwa nje ya maduka ya kawaida. Soko lilikuwepo. Katika uchaguzi wa 1976 chama cha Kikomunisti cha Italia kilipata zaidi ya theluthi moja ya kura, na sherehe za gazeti lake, Feste de l'Unità, zilijaza viwanja nchi nzima kila kiangazi, zenye chakula, hotuba na muziki. Ushirika haukuwa wa Stormy Six peke yao. Ulitoa kazi za kundi la Moni Ovadia, na baadaye za Picchio dal Pozzo kutoka Genova, watu ambao kampuni kubwa zisingewapa hata kiti cha kusubiria.

Mwenye kujua maisha ya msanii wa Nairobi anaelewa kwa nini hapa ndipo ninapochangamka. Taasisi moja inayoshughulika na mirabaha, ambayo sitaitaja, iliwahi kunitumia kwa M-Pesa malipo ya mwaka yasiyotosha nauli ya kwenda kuuliza kwa nini ni madogo. Na hii ni nchi ya ushirika! Mkulima wa kahawa ana ushirika, mwalimu ana sacco, hata matatu haiingii barabarani bila sacco yake. Wanamuziki ndio tunaosimama nje ya studio kila mtu na flashi yake mfukoni.

Machi 1978 bendi ya Uingereza, Henry Cow, iliwaalika London pamoja na vikundi vya Ufaransa, Ubelgiji na Uswidi. Tarehe 12 wakapiga shoo moja kwa jina la Rock in Opposition, na bango lao lilijigamba kwamba huu ndio muziki ambao kampuni za santuri hazitaki uusikie. Siku nne baadaye, tarehe 16, Red Brigades, kundi la kushoto lenye silaha, wakamteka Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani, mjini Roma, wakiwaua walinzi wake watano. Mwili wa Moro ukapatikana Mei ndani ya gari. Baada ya hapo kuwa wa kushoto Italia kukawa ni kujieleza kila siku kwamba wewe si wa bunduki. Hata hivyo mwaka uliofuata L'Orchestra iliwaandalia wenzao wa Rock in Opposition tamasha lao la pili Milano, pale Teatro dell'Elfo.

Muziki wenyewe ulikuwa umeshabadilika. L'apprendista ya 1977 inamfuata kijana anayejifunza kazi, na midundo yake inakatika na kugeuka kila baada ya hatua chache. Macchina maccheronica ya 1980 ni ngumu zaidi, ina mizaha mingi, na niseme ukweli, siisikilizi nikiwa na njaa. Wako wanaosema waliwasaliti wafanyakazi kwa kupiga vitu visivyoimbika mgomoni. Siafikiani nao. Watu waliokataa kuamriwa na kampuni, kwa nini waamriwe na umati unaotaka Stalingrado kila Jumamosi? Mpiga kinanda wetu, ambaye kwa umri na busara tunamwita Mzee, anaona nawatetea kupita kiasi. "Kijana wangu, ukimfukuza msikilizaji usiulize tiketi zimeenda wapi," aliniambia. Ana hoja. Santuri ya mwisho ilikuwa Al volo ya 1982, mwaka uliofuata bendi ikavunjika, na ushirika nao ukaishiwa pumzi miaka hiyo hiyo. Fabbri akawa mwanazuoni wa muziki, mmoja wa walioufanya muziki wa watu wa kawaida usomwe vyuoni. Wamekutana tena mara chache, na mwaka 2013 walitoa kazi pamoja na Moni Ovadia kuhusu uasi wa geto la Warsaw. Garau mnajua alikofika.

Bendi yetu ni ya watu watano. Tunafanyia mazoezi Kariobangi South, chumba cha nyuma cha duka la vipuri, na mpaka mwaka jana hatukuwa na hata karatasi moja inayosema nani ana nini. Sasa tunayo. Kila wimbo ni wetu sote kwa mafungu sawa, mtunzi anaongezewa fungu moja. Asilimia kumi ya kila shoo inabaki kwenye akaunti, na saini ni tatu. Mixer ni ya bendi. Kipengele cha mtu anayeondoka ndicho kinachotushinda: mpiga drams anataka anayehama achukue nyimbo alizotunga, Mzee anataka zibaki, mimi nataka zibaki lakini aendelee kulipwa. Jumapili tunakaa tena, na Mzee ameahidi kuja na wakili, ambaye ni shemeji yake, kwa hiyo tumeshaanza kugombana kabla ya kikao.