Kisu cha bledi tatu na pembe ya ng'ombe wa kuka

Wiki hii watu wawili wameniuliza pale soko la Kibuye, hapa Kisumu, mbona natembea na kisu kikubwa hivi na mi ni fundi wa sola, si mchinjaji. Wote niliwajibu haraka haraka juu ya kazi, alafu jioni nikiwa nyumbani nikaona nimewanyima hadithi yenyewe, so wacha niiandike yote hapa.

Kisu ni stockman, yaani kisu cha kukunja cha wafugaji, ya kampuni ya Case, ile saizi kubwa, inatengenezwa Bradford huko Pennsylvania. Kikifungwa ni kama sentimita 10.8, yaani kinajaza kiganja na kinabaki. Binamu yangu alikileta Desemba 2018 akirudi nyumbani kwa Krismasi, na mpini wake ulikuwa plastiki ya manjano, manjano kabisa ya ndizi mbivu. Chini ya bledi, pale karibu na mpini, kumepigwa muhuri 3375 CV na ilinichukua muda kujua hizo namba zinasema nini. 3 ya kwanza ni mpini wa manjano, 3 ya pili ni bledi tatu, 75 ni aina ya umbo. CV ni chuma chenye chrome na vanadium kidogo, na hicho chuma si stainless, kinashika kutu ukikizembea hata usiku mmoja.

Bledi ya kwanza ni ndefu, imechongoka mbele, hiyo ndo ya kila kitu. Ya pili makali yake yamenyooka kama rula na mgongo ndo unajipinda kushuka mpaka kwa ncha, wenyewe wanaiita sheepsfoot. Ya tatu inaitwa spey, imeviringana mbele kama ncha ya kijiko, haina kona ya kudunga. Hiyo ya tatu nilikaa nayo mwaka mzima na nusu bila kuifungua isipokuwa kuipaka mafuta. Sikuona kazi yake. Nilikuwa hata nafikiria kumpelekea fundi aitoe ili kisu kipungue uzito.

Alafu Agosti 2020 nikaenda shags, Bungoma, huko upande wa Chwele, na khocha, yaani mjomba wangu, alikuwa na ndama wawili dume wa kuhasi. Huko kwetu bado tunalima na ng'ombe, na dume usipomhasi mapema atakusumbua kwa nira na atasumbua boma nzima. Siku hizi watu wengi wanatumia badizo, ile koleo kubwa ya kuponda mishipa bila kukata ngozi, lakini ile ya kijiji ilikuwa imeazimwa mbali na ndama walikuwa tayari wamefungwa. Khocha akauliza nani ako na kisu kizuri. Nikampa changu.

Huyu mzee hajawahi ona stockman maishani. Alifungua bledi ya kwanza akaiangalia akaifunga. Akafungua ya pili akaifunga. Akafungua spey akapitisha kidole gumba juu ya ile ncha ya mviringo, polepole, akasema, "Mwana wa dada, hii ni ya kuhasi. Huyu mwenye alitengeneza hii kisu anajua ng'ombe."

Na ni ukweli mtupu, hiyo bledi iliwekwa kwa kisu cha wafugaji wa Marekani kwa kazi hiyo hiyo. Kukosa ncha ndo maana yake: mnyama akishtuka akaruka, na ataruka, kisu hakimdungi pahali hukupanga na hakikudungi wewe. Khocha hakusoma mahali, alijua tu kwa umbo, ju kuka, yaani babu yangu, alimfundisha na kisu cha mhunzi kilichokuwa na ncha kama hiyo, kimesuguliwa kwa jiwe mpaka kikaviringana. Alikinoa dakika kumi kwa jiwe la mto, akakimwagia maji moto ya birika, akafanya kazi. Anakata ngozi ya chini kabisa ya mfuko ili jeraha likae wazi na usaha usituame ndani, na aliniambia hata siku ya kufanya inachaguliwa, isiwe msimu wa nzi wengi. Wale ndama walikuwa wanakula nyasi jioni hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo kila bledi iko na kazi yake na sichanganyi. Ndefu ni ya chakula: kumenya miwa, maembe, kupasua samaki wa ngege nikinunua mbichi kule ufuoni Dunga. Sheepsfoot ni ya kazi ya sola, kutoa ngozi ya waya, kukata kondiuti laini na zile zip tai, ju makali yakinyooka unaeza kukata waya juu ya ubao bila kuteleza, na hiyo naiacha na makali ya kukwaruza kidogo, siipeleki kwa jiwe laini sana. Spey ni ya khocha. Naeza kuwa na wewe mahali umekosa kitu ya kufungua gunia, sitakufungulia na spey. Imenolewa nyembamba, inanyoa nywele za mkono, na inakaa hivyo ikingoja ng'ombe.

Watu wengine huniambia si ununue ile nyekundu ya Uswisi iko na makasi na kifungua chupa. Ni visu vizuri, sina neno navyo. Lakini mimi nataka makali matatu marefu, si vifaa kumi na tano vifupi.

Kitu moja lazima niseme kwa sauti kwa sababu nimeona vijana wakinunua visu vya kukunja na hawaambiwi: hiki hakijifungi kwa loku. Ni springi tu ya mgongo inashikilia bledi. Ukivuta kukata kiko imara kabisa, ukisukuma ncha ndani ya kitu ngumu kinaeza kukunjika kwa vidole. Mimi 2019 nilikuwa natoboa mtungi wa plastiki Bondo kwa mteja, nikasukuma, bledi ikarudi ikanikata kidole cha shahada hadi ikabidi nishonwe. Kutoboa tumia bisibisi au msumari, tafadhali.

Kubeba sasa. Kwa mfuko wa suruali kinaingia lakini kinalala kwa upande na baada ya miezi mitatu mfuko unatoboka, nimeshona mifuko minne. Nilimpelekea fundi wa viatu pale stage akanishonea ala ya ngozi ya kusimama wima mshipini, uzi wa viatu uliopakwa nta, shilingi mia tatu, na tangu hapo nasahau hata kama nimekibeba. Lakini usikilaze ndani ya ala usiku. Ngozi inashika unyevu na dawa za kiwandani, nilikiacha wiki mbili msimu wa mvua nikapata ile shaba ya ndani ya mpini imeota uchafu wa kijani na spey iko na madoa ya kutu. Hapa Kisumu na hewa ya ziwa ndo mbaya zaidi. Nikiingia mall namwachia askari wa mlangoni kabla aniulize, anaweka kwa droo, nachukua nikitoka. Na siku sina kazi na siendi shags, kinabaki nyumbani, ju ukisimamishwa usiku na kisu mshipini unaanza kujieleza na hakuna mteja wa sola saa nne usiku.

Kuka alifariki 2021. Ng'ombe aliyechinjwa matanga alikuwa dume wa kulima, mzee tayari, mmoja wa wale kuka mwenyewe alihasi na mkono wake miaka hiyo, na wakati watu wanagawana nyama mimi niliomba pembe. Khocha alinipa zote mbili na hakuniuliza za nini.

Zilikaa juu ya kabati miezi minane, ju pembe mbichi ukiikata inajipinda baadaye. Mfupa wa ndani ulitoka wenyewe ukikauka. Zebu wetu hawana pembe kubwa kama za Ankole, kwa hivyo nilihesabu mara mia, kila upande wa mpini unataka kipande cha kama sentimita saba kwa mbili, kisichokuwa na ufa, na kutoka kwa pembe moja ningepata viwili kwa bahati, si zaidi. Rafiki yangu fundi wa jua kali alikata na hakso, tukapasha vipande ndani ya mafuta moto mpaka vikalegea, tukavibana kwa vaisi katikati ya vyuma viwili bapa, tukaviacha hapo usiku kucha. Harufu yake ni ya nywele zikiungua na haitoki kwa shati. Na vumbi lake usilivute, funga mdomo na pua na kitambaa, hiyo si mchezo.

Kutoa plastiki ya manjano ndo ilinitia uoga. Pini zimepigwa vichwa, unasaga kichwa na faili polepole, unasukuma pini na msumari butu, na ukikosea moja unakwaruza zile pua za chuma cheupe za mwisho wa mpini. Ilitoka salama. Tukatumia shaba ya ndani yenyewe kama ramani ya kutoboa matundu, tukapaka glu ya kuchanganya, tukaingiza pini mpya tulizokata kutoka fimbo ya brasi ya kuchomelea, na fundi akaanza kugonga vichwa na nyundo ndogo. Pini ya tatu, tak. Ufa kutoka kwa tundu mpaka ukingoni.

Nilikaa chini hapo kwa tairi nikanyamaza. Hiyo ilikuwa nusu ya pembe ya kwanza, na ile nusu ingine ilikuwa nyembamba sana, haingetosha. Ikabaki pembe moja tu duniani.

Nilirudi nyumbani nayo nikakataa iguswe wiki tatu. Kosa lilikuwa tundu: tulilitoboa likabana pini kabisa, so pini ikifura ukigonga haina pahali pa kwenda ila kupasua pembe. Mara ya pili tulipanua tundu kidogo sana, na mdomo wa tundu tukaufanya kama sahani ndogo ili kichwa cha pini kilale ndani, na nyundo ilikuwa ya kugusa tu, gusa gusa gusa, pini moja karibu nusu saa. Vipande vyote viwili vilishika. Sandpepa kutoka 120 mpaka 800 na maji, mwisho kitambaa na Brasso, na hapo ndo rangi ikatoka: nyeusi kwa upande mmoja inaingia kwa kahawia ya asali, na ukiiweka kwa jua kuna mstari unapita ndani kama moshi. Ukikifunga bado kina ule mlio wake wa tak. Nilikifungua na kukifunga njia nzima kwa matatu kutoka Kibuye hadi Kondele na huo mwendo ni mfupi, lakini nilikifunga mara nyingi.

Bledi nazo sijazisugua ziwe nyeupe tena na sitazisugua. Maembe na vitunguu vimeipaka ile ndefu kijivu ya mawingu, nyama imeacha bluu kidogo karibu na mgongo, na hiyo rangi inapunguza kutu, haiizuii. Baada ya kazi nafuta, nakausha, napaka mafuta ya mtoto yale meupe ya duka, ju mafuta ya kupikia yanaganda na bledi inakuwa nzito kufunguka.

Shida moja ilibaki na ni mimi niliileta. Khocha alikuwa anakimwagia maji moto kabla ya kuhasi, na pembe haitaki maji moto, italegea na kuachia. Nilimwambia hivyo Agosti hii nikimpa kisu, nikamtolea chupa ya spiriti na pamba. Hakujibu. Alikishika upande wa mpini, akaugeuza kwa mwanga, akauliza ni pembe ya nani. Nikamwambia. Akaita vijana walete ndama, akachukua pamba, akaipangusa spey pande mbili mwenyewe, polepole, mara mbili, na kabla hajaanza akaufuta mpini na shati lake ili spiriti isiuguse.