Wi-Fi imeshika kwenye laptopu, intaneti haifunguki
Jamani, msikimbilie kupiga Windows upya! Kama simu inapata intaneti kwenye Wi-Fi ileile, ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) kwa kawaida ni nzima. Anzeni na laptopu. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, uone anwani ya IPv4, yaani namba ya laptopu kwenye mtandao. Anwani ikianza na 169.254, laptopu imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ikigoma, zima kadi ya Wi-Fi kwenye Device Manager (orodha ya vifaa vya laptopu), iwashe tena.

Anwani ikianza na 192.168, andika ping 8.8.8.8, kupima kama seva ya Google inajibu. Majibu yakirudi ilhali tovuti hazifunguki, mara nyingi kinachokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Jaribu ipconfig /flushdns, ifute majibu ya DNS yaliyohifadhiwa.

Jina la mtandao halionekani kabisa? Huenda ruta inarusha mawimbi ya 5 GHz na kadi inasoma ya 2.4 GHz pekee.